Ethanoli: Tuijue Tunayoitumia na Tunayoikimbia

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana wa Migori na Homa Bay siku ya futari ya pamoja, baada ya swala ya Alasiri. Imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji wetu.)



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu vijana, dada zangu, mama zetu mliokaa upande ule, na wewe unayeisoma nyumbani huku sufuria ya uji iko jikoni. Nilipoambiwa nizungumzie ethanoli, rafiki yangu mmoja alicheka. Akasema, "Mwalimu, watu wamefunga, wewe unataka kuwatajia pombe?" Nikamwambia ndiyo, tena wakati wake ni huu. Manake Ramadhani iliyopita hapa hapa nusura tufuturu kwa kitu kilichokuwa njiani kuwa pombe.

Wengine mnakumbuka. Akina mama walikamua juisi ya pasheni na nanasi mapema, wakaijaza kwenye jerikeni la lita 20, likawekwa kwenye kona ya jua. Joto la ziwani mnalijua. Siku ya pili tulipolifungua, kifuniko kiliruka hadi kwenye mkeka wa wazee. Juisi ilikuwa ikitoa povu na ilichoma ulimi. Basi mjadala ukaanza. Mmoja anasema ni juisi tu imechacha kidogo, mwingine anasema imeshakuwa khamr. Tuliimwaga, na tukafuturu kwa maji na tende. Lakini niliondoka nikiwaza: watu hawa wote, mimi nikiwemo, tunaijua hukumu ya pombe tangu chuoni. Yenyewe tunaijua?

Mimi ni mwalimu wa kemia, si mufti. Kwa hiyo nitaanza na ninachokijua, na pale pa fiqhi nitawapelekea maneno ya wenye elimu yao.

Ethanoli ni kimiminika kisicho na rangi, kinachowaka kwa moto wa buluu hafifu, na kinachochemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, kabla ya maji ambayo huchemka kwenye 100. Ndiyo alkoholi iliyomo ndani ya kila kileo. Inazaliwa pale hamira inapokutana na sukari. Hamira ni kiumbe hai, kidogo sana huwezi kukiona kwa macho. Inakula sukari, na katika kula kwake inaacha vitu viwili: ethanoli, na ile gesi iliyorusha kifuniko chetu.

Mama unayekanda mahamri, kazi hiyo hiyo inafanyika chini ya kitambaa chako. Gesi ndiyo inayoumua unga. Ethanoli nayo inatokea, kidogo mno, na karibu yote inaondoka na joto la mafuta. Hakuna aliyewahi kulewa mahamri, na hakuna sheikh aliyeyakataza. Lakini sikiliza majina: hamira, mahamri, khamr. Ni mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kufunika, na humo humo mna khimar, ile shungi anayojifunika dada yetu. Sayyidna Umar (R.A.) alieleza juu ya mimbari kwamba khamr ni kile kinachoifunika akili. Neno alkoholi nalo asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, yaani wanja. Na msidhani wazee wetu katika Uislamu walikuwa mbali na elimu hii. Al-Kindi, mwanachuoni wa karne ya 9 kule Iraq, aliandika kitabu kizima juu ya manukato na namna ya kuyakeneka.

Sasa hapa kwetu. Sisi tumezungukwa na miwa. Kiwanda cha SONY pale Awendo kilianza kusaga mwaka 1979, na kule Ndhiwa kipo kingine. Sukari ikishatolewa hubaki ule uji mweusi mzito, molasi, ambao karibu nusu yake bado ni sukari isiyoweza kugandishwa kirahisi. Tani 1 ya molasi, ikichachushwa na kukenekwa vizuri, hutoa lita 220 hadi 250 hivi za ethanoli. Ndiyo maana tangu miaka ya 1980 kule Muhoroni kuna kiwanda cha Agro-Chemical, kinachotumia molasi kutengeneza ethanoli na vilevile hamira ya mikate. Kati ya mwaka 1983 na 1993 ethanoli hiyo ilichanganywa na petroli, ikauzwa kwa wenye magari Kenya. Wazee wenye magari wakati huo watakumbuka. Brazil mpaka leo petroli yao zaidi ya robo ni ethanoli ya miwa.

Kuna matumizi mengine ambayo huyafikirii. Fundi wa mbao anapoipaka meza vanishi ya spiriti, ile harufu ni yake. Wino, manukato, rangi, dawa za majani zinazokamuliwa kiwandani, mara nyingi zinaihitaji kwa sababu huyeyusha vitu ambavyo maji huvishinda. Kipimajoto chenye uzi mwekundu, ndani yake mara nyingi ni alkoholi iliyotiwa rangi. Na siki mnayotia kwenye kachumbari ni ethanoli iliyopita hatua moja mbele, bakteria wakaigeuza asidi. Siki Mtume (S.A.W.) aliisifu kuwa ni kitoweo kizuri.

Hata jikoni imeingia. Kuanzia mwaka 2019 kampuni ya KOKO iliuza Nairobi, na baadaye miji mingine, majiko ya kutumia ethanoli, mteja akijichotea mafuta dukani kwenye mashine. Hayana moshi kama mkaa wala harufu ya mafuta ya taa. Kama unalo jiko la namna hiyo nakuomba jambo moja: usiongeze mafuta likiwa linawaka au bado lina moto. Ule moto wa buluu mchana hauonekani, na watu wameungua wakidhani umezimika.

Sasa nije kwa sanitaiza, manake hili ndilo swali niliouliziwa zaidi ya yote. Mwaka 2020 korona ilipoingia, Serikali ilitoa ethanoli iliyokuwa imekamatwa kwa magendo ikatengenezwa sanitaiza za kugawia watu. Hebu fikiria, ile ile iliyokuwa iende vilabuni! Lakini misikitini kulikuwa na watu waliokataa kuipaka mlangoni, wakiogopa kwamba swala haitasihi. Mzee mmoja alikuwa akiipaka nje, kisha anakwenda kuosha mikono mara saba. Sikumcheka, alikuwa anaihofia ibada yake.

Wanachuoni wengi wa madhehebu manne, na Shafi yetu ikiwemo, wanasema khamr ni najisi. Lakini toka zamani walikuwepo waliosema kuwa kunywa ni haramu bila shaka yoyote, ila chenyewe si najisi ya kugusa, kama alivyosema Rabia, mwalimu wa Imam Malik, na Layth bin Saad. Pia Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafi mwenyewe. Baraza la Fiqhi la Rabita lilipokutana Makka Januari 2002 liliangalia hasa alkoholi ya kiwandani na hospitalini. Likaruhusu kuitumia nje ya mwili kwa kusafishia vidonda na kuua vijidudu, na katika krimu na manukato. Kwa dawa za kunywa likaruhusu zile zenye kiasi kidogo ambacho utengenezaji hauwezi kukikwepa, kama hakuna mbadala na daktari muadilifu ameiandika, na likawasihi watengenezaji wa dawa waiepuke wanapoweza. Ikiwa moyo wako bado hautulii, tumia sabuni, au mafuta ya attar badala ya manukato ya kupuliza. Hakuna atakayekulaumu. Ila usimzuie nesi kukupangusa mkono kabla ya sindano, na sanitaiza haitengui udhu wala haifunguzi swaumu.

Na kwa vile niko hapa kama mwalimu: sanitaiza nzuri ni ya asilimia 60 hadi 80. Watu hudhani ya 95 ndiyo kali zaidi. Sivyo. Maji kidogo yanahitajika ili ethanoli ipenye kwenye kijidudu na kukiharibu, bila maji inakauka kabla haijamaliza kazi. Na kwenu mnaoshughulika na omena na ngege, mikono yenye shombo na mafuta ya samaki haisafishwi na sanitaiza hata ukimwaga chupa nzima. Maji na sabuni. Kipindupindu kilipozuka Migori na Homa Bay mwaka 2015 wengi walijifunza hilo kwa uchungu.

Sasa nifike mahali ambapo si pazuri.

Kijana mmoja wa boda boda, simtaji, mnaweza kuwa mmekaa naye, alinifuata baada ya Taraweh. Swali lake lilikuwa la sanitaiza: je, akiipaka baada ya kutawadha aanze upya? Nikamjibu. Halafu tukakaa, tukaongea habari za kazi. Akaniambia abiria mchana ni wachache, lakini usiku kuna mzigo. Mzigo gani? Anabeba molasi na sukari nguru kwenye vinu vya wenyeji, anapeleka kwa wapikaji mtoni, na kabla ya alfajiri anarudi na majerikeni ya chang'aa kuelekea vilabuni. Safari moja kama hiyo inamlipa kuliko siku nzima ya abiria. Akasema, "Mwalimu, mimi siionji hata tone. Naosha hata mikono nikimaliza."

Nilinyamaza kwa muda. Huyu ndugu yetu anaogopa tone la sanitaiza kwenye kiganja, na lita 60 zimekaa nyuma yake kwenye pikipiki. Wala si yeye peke yake. Yupo anayekodisha ploti na anajua fika kinachopikwa nyuma. Yupo anayeuza majerikeni, kuni, mapipa. Yupo mwenye kinu cha sukari nguru ambaye mteja wake mkubwa haweki sukari hiyo kwenye chai, na yeye anajua. Sote tunasema, "Mimi sinywi."

Katika Hadithi aliyoipokea Anas (R.A.), ambayo iko kwa Tirmidhi na Ibn Majah, Mtume (S.A.W.) aliwalaani watu kumi kwa ajili ya khamr. Mnywaji ni mmoja tu kati ya hao kumi. Wamo anayeikamua, anayeiuza, anayeinunua, anayekula bei yake, na yumo aliyeibeba pamoja na aliyebebewa. Na wanachuoni wetu wa Kishafi walilizungumza toka zamani suala la mtu anayemuuzia zabibu mtengeneza mvinyo: akijua au akidhania kwa nguvu kwamba ndiyo kazi yake, haifai. Zabibu yenyewe ni halali, kama molasi ilivyo halali. Ng'ombe wanailamba.

Sasa msinione nahukumu kutoka juu. Wengi hapa hamjui kwamba mimi nilisilimu nikiwa chuo cha ualimu. Nyanya yangu, tuliyekuwa tukimwita Dani, alipika chang'aa. Nyuma ya nyumba, pipa, bomba la shaba, na maji ya baridi ya kupozea mvuke. Somo langu la kwanza la ukenekaji nilifundishwa na mama asiyejua kusoma, na kwa hakika alikuwa hodari: kile cha kwanza kutoka alikimwaga, akisema kina kichwa kibaya. Ada yangu ya sekondari ililipwa na lile pipa. Nilikula, nikavaa, nikasoma kwa pesa hiyo. Ni Mola peke yake ajuaye hesabu yake, na mimi siwezi kumtukana bibi aliyenilea akiwa mjane mwenye wajukuu saba.

Lakini nitakuambia pesa ile ilitoka wapi. Niliketi dawati moja na kijana aliyenishinda hesabu kila muhula. Baba yake alikuwa mteja wetu wa kila siku. Akivuna miwa, malipo yakija, anaanzia kwa Dani, na huko ndiko yanakoishia. Kidato cha pili rafiki yangu alifukuzwa kwa ajili ya ada, hakurudi tena. Ada yake niliitumia mimi. Sikulijua hilo wakati ule. Nililijua siku nilipomkuta sokoni Rongo akisukuma mkokoteni, akaniita "mwalimu" kwa heshima, na nikashindwa kumtazama.

Na siku hizi mambo yamekuwa mabaya kuliko ya Dani. Chang'aa ya zamani ilileta maradhi na umasikini. Inayouzwa leo huwezi kujua kilichomo. Kuna ndugu wa ethanoli anayeitwa methanoli, anafanana naye kwa rangi na karibu hata kwa harufu, ni wa viwandani, na ni rahisi. Wafanyabiashara wasiomcha Mungu wanaichanganya ili kuongeza wingi na ukali. Ini la binadamu linaigeuza methanoli kuwa asidi ile ile inayopatikana kwenye sumu ya aina fulani za chungu, nayo inashambulia mishipa ya macho. Kiasi kidogo tu kinapofusha, na kikizidi kinaua. Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, wengine wakabaki vipofu. Mei 2014 ikaua tena makumi ya watu, Embu, Kiambu na kwingineko. Februari 2024 ikawa zamu ya Kirinyaga.

Kwa hiyo kijana, hata kama kwenu yupo anayekunywa, nawe umekata tamaa naye, shika hili. Akiamka asubuhi akasema anaona ukungu, anaona kama theluji, tumbo linamkata na anapumua kwa kasi, msimwache alale "pombe imtoke". Dalili zinaweza kuchelewa saa 12 au hata siku nzima. Mkimbizeni hospitali, mkaseme alikunywa nini. Huko wanaweza kumpa dawa inayozuia ini kuigeuza ile sumu, na kama dawa hiyo hakuna, madaktari hutumia ethanoli safi kwa kipimo. Naam, ethanoli yenyewe, mkononi mwa daktari, huokoa macho ya mtu.

Mtaniambia, mwalimu, Serikali si iliruhusu? Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo iliifuta ile ya 1980 iliyopiga marufuku chang'aa, lakini ikataka leseni, viwango na chupa. Ya kwenye jerikeni usiku mtoni haimo katika ruhusa hiyo. Na hata ingekuwa na leseni tano ukutani, kwetu sisi Suratul Maida aya ya 90 haijabadilika.

Nirudi kwa juisi yetu kabla muda haujaisha, manake akina mama wananitazama. Mtume (S.A.W.) alikuwa akirowekewa tende au zabibu kavu katika maji, anakunywa siku ile na inayofuata, na haikuzidi siku ya tatu, ikibaki hunywewa na wengine au humwagwa. Hiyo ni Madina, bila friji. Kwa joto la Homa Bay mimi ningesema kamua mchana uliofunga, futuria jioni ile ile. Ikibaki, iweke kwenye baridi, na kifuniko usikikaze. Ukiona povu, kifuniko kimevimba, na ulimi unachoma, mwaga. Usianze kuonjaonja kupima, kwani kinacholewesha kikiwa kingi, kidogo chake nacho ni haramu. Uji wa wimbi uliochachuka usiku mmoja ukawa mkali wa ndimu hauna neno, uchachu ule ni wa asidi. Ukiacha siku nne hadi uanze kuchemka wenyewe, hapo umeanza kupika busaa.

Na yule kijana wa boda boda. Nilimwambia ukweli kama nilivyowaambia nyinyi, akainuka bila kuaga. Nilidhani nimempoteza. Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Ameacha safari za mtoni, na pesa imepungua, hakunificha hilo, pikipiki bado ina deni. Sasa anapeleka molasi mchana kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wachanganye na majani makavu. Amepata wateja watatu upande wa Rongo, na anasema akifikisha kumi na wawili atalimaliza deni bila kurudi usiku.

Mwenye ng'ombe hapa, au mwenye jirani mwenye ng'ombe, anione baada ya Magharibi nimpe nambari yake. Hata wa Oyugis na Kendu Bay, amesema atafika.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.